Mjukuu Wangu, Faiba Yangu, na Abu Hazim wa Chini

Jumamosi, 3 Mei

Nimepata mjukuu! Mwanangu Ghaith alipiga simu jana kutoka Kanada. Mtoto wa kiume. Ana afya, ana nywele, ana mapafu. Hayo mapafu nimeyasikia mwenyewe. Sura sijaiona. Simu yangu hushika mtandao mahali pamoja tu katika nyumba hii: juu ya kiti cha jikoni, karibu na dirisha, mkono wa kushoto ukiwa umeinuliwa. Picha imekuja nusu. Nimeona paji la uso. Ni langu kabisa. Au ni mto.

Jina atapewa Ijumaa, siku ya saba. Watapiga simu ya video ili ukoo wote uone. Hapo ndipo roho inaponidunda. Kwetu mwana wa kwanza akipata mtoto wa kiume, humpa jina la babu. Babu ni mimi. Jina langu ni Dhaifallah. Lakini mkwe wangu Lubna ni daktari wa meno na anapenda majina mafupi, yale yasiyowasumbua Wazungu. Nimemuuliza Ghaith waziwazi, mtoto ataitwa nani. Akaniambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika! Nilikuwa juu ya kiti, mkono juu, namsikia mpaka anavyomeza mate.

Kwa hiyo nina mpango. Naingiza faiba nyumbani, ile intaneti ya waya. Ijumaa naijaza sebule wanaume wa jengo zima. Ghaith akifungua video anakutana na ukuta wa masharubu unamtazama. Hapo atataja jina lingine? Athubutu!

Mke wangu, Umm Ghaith, hana habari na jina. Anataka kumwona mtoto basi. Amesema tushuke kwa Abu Hazim, ana faiba tangu mwaka jana na runinga yake ni kubwa kama mlango. Nimemjibu kwamba mjukuu wangu hapewi jina katika sebule ya Abu Hazim, mimi nikiwa hai. Akasema vizuri, yeye atashuka peke yake, mimi nibaki na kiti changu.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda ofisi ya kampuni ya intaneti. Binti wa dirishani akasema mafundi wamejaa, labda wiki ya mwisho ya mwezi. Sikugombana. Nilikuwa na silaha.

Huku kwetu mtu mwenye haja kubwa akiletewa kahawa kwenye nyumba ya watu, hainywi. Anaiweka chini. Mwenye nyumba akiona kikombe kimewekwa, anajua kuna ombi, na mgeni akiondoka bila kuinywa ni aibu ya kuhama mtaa. Mwenye nyumba hana budi aseme: kunywa kahawa yako, ulilolijia umelipata. Kwa kikombe hicho watu wamesameheana damu. Mimi mwenyewe nilimpata Umm Ghaith kwa kikombe hicho, ingawa baba yake alichelewa kusema mpaka kahawa ikawa barafu.

Basi pale mlangoni kuna mashine ya kahawa. Nikachota, kikombe cha karatasi. Nikakiweka juu ya meza ya yule binti, nikarudi nyuma hatua moja, nikamwambia siinywi mpaka anipe fundi kesho. Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Akasema, "Hakuna shida, ami. Pipa la taka liko nyuma yako."

Nikasimama vilevile. Foleni ikaanza kuguna. Bwana mmoja akauliza kama nimemaliza, anataka pa kuweka kiwiko. Mwishowe nikamweleza binti habari za mtoto. Labda machozi yalinitoka kidogo, hewa ya mle ndani ni kavu. Akauliza mtoto anaitwa nani. Nikasema Dhaifallah, inshallah. Akanitazama kwa huruma sana, akabofyabofya kompyuta, akanipatia fundi wa kesho. Kikombe kilikuwa kinamwingia polepole. Mila ni mila.

Jumatatu, 5 Mei

Fundi amekuja. Anaitwa Nidal, kijana mwenye mkanda wa vyuma kiunoni. Amechungulia roshani, amechungulia barabara, akatikisa kichwa. Nguzo iko upande wa Abu Hazim. Waya lazima upigiliwe kwenye ukuta wake wa chini ndipo upande kwangu ghorofa ya pili. Bila ruhusa yake haupigiliwi msumari hata mmoja.

Balaa! Mimi na Abu Hazim hatusemeshani tangu masika iliyopita. Kisa ni mzabibu. Ameupanda yeye, kwenye kiwanja chake, hilo sikatai. Lakini mzabibu umepanda wenyewe mpaka roshani yangu, na ukifika kwangu majani yake ni yangu kuyapika. Yeye anasema shina likiwa lake, na jani ni lake. Alikuwa mwalimu wa hisabati, ana tabia ya kuhesabu majani. Mwaka jana alisimama chini akamwambia mkewe kwa sauti, nisikie, kwamba kuna panya ghorofa ya pili, panya mwenye sufuria.

Nidal amesema atanipitia tena Jumatano, niwe nimeshaelewana na jirani. Nimemwambia ahesabu yamekwisha.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimempelekea Abu Hazim jaha. Yaani si kwenda kienyeji, ni ujumbe wa wanaume, suti na vilemba, wa kuomba jambo kwa heshima. Mbele nimemweka Haji Burjas wa ghorofa ya tatu, sauti yake nzito, tumbo lake la kuheshimika. Nimewafundisha njiani, kwenye ngazi: kahawa ikija, hakuna anayegusa. Tunaweka chini wote kwa pamoja. Haji Burjas anakohoa, anaomba ruhusa ya waya. Abu Hazim anabanwa. Nyumba nne zinashuhudia. Kwisha!

Tumepokewa vizuri mno. Nilipaswa kushtuka. Tukaketi. Abu Hazim akaingia na sinia.

Chai! Ametuletea chai ya mnanaa! Akatuomba radhi kwamba kahawa kwake imekwisha. Nyumba nzima inanukia iliki! Nilisikia kabisa birika linachemka jikoni, na mkewe Umm Hazim analifunika. Na chai haina mila. Chai unakunywa tu.

Nikamtazama Haji Burjas anikoholee hivyohivyo. Haji Burjas alikuwa ameshika sahani ya kunafa, kile kitamu cha jibini, moto, inavutika. Hakukohoa. Alikula, akaongezewa, akasifu mikono ya mpishi, akamwombea dua mwenye nyumba, akainuka. Tukainuka wote. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka hakuna aliyetaja waya.

Umm Ghaith ameuliza imekuwaje. Nimesema mazungumzo yanaendelea.

Jumatano, 7 Mei

Mimi ni mtu hatari. Lazima niandike hili sawasawa.

Abu Hazim kila Jumatano huenda Madaba kwa dada yake. Nidal amekuja, nikamwambia ruhusa ipo, ila jirani anaona haya ukuta wake kuonekana na misumari, ameomba waya upite ndani ya mzabibu. Nidal akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nikamwambia hajawahi kuishi na wastaarabu. Akaupitisha waya toka kwenye nguzo, ukajificha kwenye majani, ukafuata shina mpaka roshani yangu. Ukisimama barabarani huoni kitu. Mzabibu wa Abu Hazim unanibebea faiba yangu! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Modemu ni kisanduku cheupe chenye taa. Nidal amesema taa zote zikiwa kijani mambo ni shwari, nyekundu ikiwaka waya una tatizo. Zote kijani. Nimeipa waifai yangu jina: IKULU YA ABU GHAITH. Umm Ghaith ameuliza kwa nini herufi kubwa. Wanawake hawaelewi siasa.

Kisha nikawaza: haya mawimbi yanashuka. Kwa nini yamfikie Abu Hazim bure? Nikaifungia modemu kabatini, nikaizungushia masinia ya shaba ya marehemu mama. Waifai ikafa hata kwangu. Umm Ghaith ameitoa, ameiweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, ameniambia nikiigusa tena atamwambia Ghaith amwite mtoto jina la baba yake yeye. Baba yake alikuwa anaitwa Shihada. Sijaigusa.

Nimemwandikia Ghaith kila kitu tayari, apige Ijumaa baada ya alasiri yetu. Nimealika jengo zima, ila mmoja. Nimealikia kwenye ngazi, kwa sauti, ili huyo mmoja asikie hakualikwa.

Alhamisi, 8 Mei

Siku nyeusi. Nimehujumiwa!

Asubuhi kila kitu sawa. Umm Ghaith akataka kupika majani ya mzabibu ya wageni wa kesho, yale ya kuviringisha wali na nyama. Akataka majani mengi, tena laini. Nikatoka roshanini na mkasi na beseni. Abu Hazim alikuwa chini anamwagilia, kwa hiyo nilikata upesiupesi, bila kutazama sana, mkono ndani ya majani. Mzabibu wake umezeeka, vijiti vingine vigumu kama waya, mpaka niliubana mkasi kwa mikono miwili. Lakini nimejaza beseni.

Nimerudi sebuleni. Taa nyekundu!

Nimezima, nimewasha. Nyekundu. Nimeipuliza. Nimeisomea Ayatul Kursi. Nyekundu. Nimepigia kampuni simu, wamesema mafundi ni Jumapili, kesho na keshokutwa mapumziko. Jumapili! Mtoto anapewa jina kesho!

Nikaelewa mara moja. Abu Hazim ameugundua waya wangu, ameukata. Nani mwingine? Nikatoka roshanini nikamsomea yote, mtaa mzima usikie. Nimemwita mkata waya, adui wa watoto wachanga, mtu wa kutia chai mahali pa kahawa. Madirisha yote yalifunguka. Yeye alisimama tu na mpira wa maji, maji yanamwagikia viatu. Alikuwa ananitazama mkononi. Sijui alikuwa anatazama nini, mkononi nilikuwa na mkasi tu.

Umm Ghaith ametoka, ameutazama mkasi, ameutazama mzabibu, amerudi ndani. Tangu hapo anaviringisha majani kimya, mabega yanamtikisika. Nadhani analia. Nimemwambia asilie, haki yetu itarudi. Akajifunika uso kwa mtandio.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika usiku huu, na si kwa hasira.

Baada ya swala ya mchana watu walianza kuja. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia. Sebule ikajaa, modemu inawaka nyekundu juu ya kitambaa chake, Haji Burjas anauliza chakula saa ngapi. Ghaith angepiga baada ya alasiri na angenikuta sipo. Angempa mtoto jina kimyakimya huko Kanada, jina la silabi moja, na baadaye angeniambia mtandao ulikatika. Na safari hii angesema kweli.

Mlango ukagongwa. Abu Hazim! Koti la kijivu, kanzu ndani, ndevu zimechanwa. Mgeni ni mgeni, nikamketisha. Umm Ghaith akaleta kahawa haraka ajabu, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango na birika. Abu Hazim akapokea kikombe. Akakiweka chini.

Moyo ukanifura. Amekuja kuomba msamaha! Mbele ya watu wote! Nikataka nionekane mkubwa, mtu asiyehitaji hata kusikia. Nikainua mkono nikasema, "Kunywa kahawa yako, Abu Hazim. Ulilolijia umelipata."

Akanywa yote, taratibu. Akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka.

"Mungu akuheshimu," akasema. "Nililolijia ni hili. Muda huu inukeni nyote, wewe wa kwanza na Umm Ghaith, mshuke kwangu. Mtoto tumwone pamoja."

Nimenaswa! Nimejinasa kwa mdomo wangu, na mashahidi nimewaalika mwenyewe! Neno likishatoka juu ya kikombe halirudi, ningerudisha ningehama mtaa. Nilipogeuka kumtazama Umm Ghaith alikuwa ameshavaa viatu. Sufuria ya majani iko mkononi.

Tukashuka wote. Runinga kweli ni kama mlango, tena mlango wa msikiti. Abu Hazim akampigia Ghaith kwa simu yake, picha ikatoka. Nikamwona. Kichwa kizima, si paji tu. Amefumba macho, mkono mmoja umetoka kwenye nguo, vidole vinafunguka na kufumba. Pua ni yangu. Nililia. Naliandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Umm Ghaith aliigusa runinga kwa kiganja, na Abu Hazim, ambaye humfokea mkewe akigusa kioo, hakusema kitu.

Kisha Ghaith akajikohoza. Akasema yeye na Lubna wamefikiria sana juu ya jina. Nyuma yake Lubna alikuwa ana tabasamu la daktari kabla ya sindano. Nikajua. Nikafungua mdomo nitoe hotuba, nilikuwa nimeikariri tangu Jumamosi. Sauti haikutoka. Mimi, niliyeusikilizisha mtaa mzima jana!

Abu Hazim akasogea mbele ya runinga. Ghaith alifundishwa hesabu na yeye, miaka yote ya sekondari.

"Ghaith, mwanangu," akasema kwa ile sauti ya darasani. "Jengo zima limekusanyika kumsalimia Dhaifallah mdogo. Hebu mwinue tumwone vizuri."

Ghaith akakaa sawa kwenye kiti kama mwanafunzi. Akamgeukia Lubna. Lubna akamtazama Abu Hazim, akanitazama mimi na machozi yangu, akapumua.

"Haya," akasema. "Dhaifallah. Lakini nyumbani nitamwita Didi."

Vigelegele! Umm Hazim alivianza, Umm Ghaith akavimaliza. Haji Burjas alisoma dua na mdomo umejaa. Watu wakamkumbatia Abu Hazim kwanza kwa kuwa alikuwa karibu na mlango. Majani yakaliwa yote. Umm Hazim akasifu ulaini wake, akauliza yamenunuliwa wapi. Umm Ghaith akasema ni ya hapahapa jirani.

Nimefurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Ila lazima niseme: ningelitaja lile jina mwenyewe. Nilikuwa navuta pumzi tu.

Jumapili, 11 Mei

Nidal amekuja. Amekuta waya umekatwa karibu kabisa na roshani yangu, tena kwa mkasi, safi. Nikamwambia unaona? Alipanda mpaka huku juu na mkasi! Umri ule! Nidal akamtazama Umm Ghaith. Umm Ghaith akaenda jikoni, na nikasikia anacheka na bomba la maji amelifungulia.

Waya mpya umepigiliwa ukutani kwa Abu Hazim. Ametoa ruhusa mwenyewe, hata hakuombwa, akamshikia Nidal ngazi. Dhamiri inamsuta, maskini. Nimeamua kumsamehe. Taa zote kijani.

Sasa kuna arubaini ya mtoto. Ghaith atapiga tena, na safari hii itakuwa kwangu. Jambo moja tu linanikera. Ijumaa nzima watu hawakuzungumza ila ukubwa wa ile runinga. Nimeagiza kubwa zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Runinga imekuja. Ni kubwa mno! Wachukuzi wameiingiza vizuri mpaka kwenye kona ya ngazi, mbele ya mlango wa Abu Hazim, ikakwama. Haipandi, haipindi. Wameisimamisha, wameilaza, wameiomba. Kiongozi wao akaniuliza kama nilipima ngazi. Nikamwambia nimepima runinga.

Haji Burjas alikuwa juu, anataka kushuka msikitini, hawezi. Abu Hazim akafungua mlango, akatazama, akaufungua mlango wote. Ikaingia kwake moja kwa moja kama imezaliwa mle. Ile yake ya zamani ameniletea mimi hapa juu, ni zawadi ya mtoto, amesema. Ilipita kwenye ngazi bila tabu.

Jioni wamempigia Didi kujaribu ile mpya. Nimeshuka kidogo tu, kuangalia rangi. Didi alikuwa analia. Abu Hazim akapiga chafya. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kuitafuta ile chafya. Watu wakacheka sana. Mimi nimepiga chafya mara nyingi baada ya hapo, hakugeuka.

Nimerudi nikiwa na futi na kuzipima ngazi mwenyewe, mara mbili. Ni nyembamba. Hazikuwa hivi tulipohamia. Abu Hazim amezipunguza. Sijui kazipunguzaje, lakini kesho naita jaha.